Somo la Kompyuta: Diski ya Nje Isipofunguka Baada ya Kupiga Windows Mpya



Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza juu ya jambo lililotokea ofisini wakati wa likizo, na wengine mmelisikia nusunusu mkalieneza lilivyo silo. Ati diski ya madrasa ilikufa hapa Kibondo, ikaenda kufufuliwa Kasulu. Haikufa wala haikufufuliwa. Nimeona ni bora niliandike kama somo, kwani ndani yake mna mambo ambayo kila mwenye kutumia kompyuta, awe mwanafunzi wa sekondari, karani wa steshenari au mwalimu, atayahitaji siku moja insha'Allah.

YALIYOTOKEA

Kompyuta ya ofisi yetu ilikuwa ikitumia Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa mfumo huo, yaani yale marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakija yenyewe kila mwezi yalikoma kwa mtumiaji asiyejiandikisha katika mpango wa nyongeza. Kompyuta yetu si ya zamani sana, hivyo ilikubali Windows 11. Kijana wetu mmoja wa darasa la juu, mwenye mkono mwepesi wa mambo haya, aliupandisha mfumo jioni moja baada ya Alasiri. Alipomaliza, printa ilifanya kazi, herufi za Kiarabu zilionekana vizuri, kila mtu akafurahi.

Asubuhi yake tulihitaji orodha ya matokeo. Tukachomeka diski ya nje, ile ambayo mtaani huitwa eksteno. Taa yake ikawaka. Tukangoja. Kwenye kompyuta hakuna kilichotokea.

Lazima niwaeleze kilichokuwa ndani yake ili mjue kwa nini mikono ilitutetemeka. Mlikuwa na matokeo ya mitihani tangu mwaka 2009, daftari zima la wanafunzi waliopita hapa, na rekodi za darsa za marehemu maalim wetu. Rekodi hizo zilichukuliwa kwanza kwa kaseti, kisha zikahamishiwa kwenye kompyuta, na kaseti zenyewe nyingi zimekwisha kuliwa na ukungu. Nakala nyingine kamili hatukuwa nayo. Hilo lilikuwa kosa letu, na kosa langu zaidi kuliko la yeyote, maana funguo za kabati ninazo mimi.

Kijana alitaka kuendelea kubonyeza hiki na kile. Nilimzuia, si kwa elimu bali kwa woga, na mara hii woga ulitufaa. Nikampigia simu ustadh mmoja wa Kasulu anayefahamu kompyuta vizuri. Akaniambia maneno mawili tu: msiguse, ileteni. Siku ya pili nikaifunga diski kwa kitambaa, nikaipakata njia nzima hadi Kasulu.

Alipoichomeka kwenye kompyuta yake ilifunguka papo hapo, na mafaili yote yakaonekana.

Hilo ndilo somo la kwanza, tena halihitaji fedha wala ufundi. Diski isipofunguka baada ya kubadili mfumo, ijaribu kwanza kwenye kompyuta nyingine. Ikifunguka huko, diski ni nzima na ugonjwa uko kwenye kompyuta yako. Ningelijua hilo, ningekwenda hapo sokoni kwa jirani wa steshenari nikaokoa nauli.

NGAZI TANO ZA KUPITIA

Ustadh yule alinichorea ngazi yenye vipandio vitano. Akasema kila tatizo la namna hii linakaa kwenye kimojawapo, na mwenye kuruka vipandio ndiye anayeharibu. Vipandio ni hivi: umeme, utambuzi, herufi, mwandiko na kufuli. Tuviangalie kimoja kimoja.

Umeme

Ndani ya diski ya nje ya kawaida mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake kuna mkono mwembamba unaosoma. Kuzungusha sahani kunataka nguvu, na diski ndogo hazina waya wa umeme wa pembeni, hula umeme kupitia waya wa USB. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina ulimi wa rangi ya buluu, miliampea 900. Taa ndogo inaweza kuwaka kwa umeme kidogo sana, lakini sahani zisizunguke. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba diski imepata nguvu ya kutosha.

Weka sikio karibu. Ukisikia mngurumo laini na mtetemo mdogo, sahani zinazunguka. Ukisikia "tik, tik, tik" isiyokoma, chomoa mara moja, maana huenda ni mkono wa kusomea umeharibika, na kila dakika ya kulazimisha huongeza uharibifu. Huyo ni mgonjwa wa fundi mwenye vifaa, na somo hili halimhusu.

Usipitishie diski kwenye kile kigawanyio cha matundu manne kinachouzwa kwa bei nafuu. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama ni ya mezani tumia matundu ya nyuma. Badilisha waya pia, kwa kuwa nyaya hufa kabla ya diski. Kwetu sisi jambo hili ni kubwa zaidi. Wale waliosoma hapa miaka ya jenereta za TANESCO, kabla ya gridi ya Taifa kufika, wanakumbuka jinsi umeme ulivyokuwa ukikatika katikati ya kazi. Umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, mpangilio wa ndani unaweza kuvurugika, na kosa hilo huonekana baadaye sana, pengine siku ileile unapopiga mfumo mpya, ukaulaumu mfumo bure.

Utambuzi

Kompyuta hutumia programu ndogo iitwayo draiva ili kuzungumza na kifaa. Kwa diski za USB draiva hiyo imo ndani ya Windows yenyewe, haihitaji CD wala kutafutwa kwenye intaneti. Ukikutana na tangazo linalokuambia upakue draiva ya diski yako bure, lipite kama unavyolipita shimo la choo. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Ukiona kifaa chenye alama ya njano ya mshangao, kiondoe kwenye orodha hiyo, chomoa diski, zima na kuwasha kompyuta, kisha chomeka tena. Windows itakitambua upya. Mara nyingi hapo panatosha.

Herufi

Hapa ndipo tatizo letu lilipokuwa.

Windows huipa kila diski herufi: C ni ya ndani, nyingine huwa D, E na kuendelea. Herufi hizi huandikwa katika daftari la ndani la mfumo. Mfumo ukibadilishwa daftari hilo linaweza kuvurugika, na diski ikabaki bila herufi. Diski isiyo na herufi haionekani mahali unapofungulia mafaili, ingawa imo, ni nzima na inazunguka. Ni sawa na mwanafunzi aliyepo darasani lakini jina lake halimo kwenye rejista. Utamwita nani?

Niliporudi Kibondo nilibonyeza Windows na R, nikaandika diskmgmt.msc. Ukafunguka ukurasa wenye picha za diski zote. Chini nikaiona diski yetu, ukubwa wake sahihi, sehemu yake imepigwa mstari wa buluu na imeandikwa NTFS, ila haina herufi. Nikabonyeza juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua mstari wenye maneno "Drive Letter", nikaongeza herufi M. Haikuchukua dakika moja. Nilichagua M kwa sababu iko mbali na D, E na F ambazo hunyang'anywa na flashi na kadi za simu, na kwa sababu ni M ya madrasa.

Zingatia sana: ukurasa huo wa diskmgmt.msc ni kisu. Kama ukifunguka tu ukakuuliza iwapo uianzishe diski upya, kataa, kwani ukikubali utaandika ramani mpya juu ya ya zamani. Na ukiona diski yako imepigwa mstari mweusi badala ya buluu, maana yake Windows haioni sehemu yoyote ndani yake. Funga ukurasa, uliza kwanza. Usitengeneze sehemu mpya hapo.

Kwa nini herufi yetu ilipotea? Tulipompeleleza kijana wetu alikiri kwamba diski ilikuwa imechomekwa muda wote alipokuwa akipandisha mfumo. Jambo hili si geni duniani. Mwezi Mei 2019 Microsoft yenyewe ilitoa toleo jipya la Windows 10, kisha ikaizuia kompyuta yoyote iliyochomekwa diski ya USB au kadi ya kumbukumbu isilipokee, kwa sababu herufi za diski ziliweza kugawiwa vibaya wakati wa kupandisha. Mwenye kompyuta alitakiwa achomoe kila kitu ndipo aendelee. Nao wa Mac hawakusalimika. Mwaka 2013, Apple ilipotoa mfumo wa Mavericks, kampuni ya Western Digital iliwaonya wateja wake kuwa kuna taarifa za watu kupoteza mafaili kwenye diski za nje baada ya kupandisha mfumo, ikawataka waziondoe kwanza programu zake fulani.

Mwandiko

Kipandio hiki ndicho kinachoua diski nyingi, kwa hiyo kisome taratibu.

Mafaili hayamwagwi tu ndani ya diski kama maharage kwenye gunia. Huwekwa kwa mpangilio maalumu, wenye faharasa inayosema faili gani liko wapi. Mpangilio huo tuuite mwandiko, na kila mfumo endeshi una miandiko unayoweza kuisoma na isiyoweza.

FAT32 ni mwandiko wa zamani unaosomwa karibu na kila kifaa, hata redio ya gari, lakini haukubali faili moja linalofika GB 4. NTFS ni wa Windows. Mac huusoma NTFS lakini yenyewe haiandiki ndani yake. ext4 ni wa Linux, kama vile Ubuntu. HFS+ na APFS ni ya Mac. Na exFAT, ambao Microsoft waliutoa mwaka 2006, ndio unaosomwa na kuandikwa na Windows za sasa, Mac, na Linux za karibuni, tangu msaada wake ulipoingizwa ndani ya kiini cha Linux mwaka 2019. Nao una udhaifu wake: ukichomoa ghafla au umeme ukikatika huvurugika kwa urahisi kuliko NTFS, ambayo huweka kumbukumbu ya inachotaka kufanya kabla ya kukifanya.

Kuna kompyuta nyingine bado zina Windows XP, hata kwenye ofisi zinazoheshimika. XP ya kawaida haiwezi kuisoma diski yenye ramani ya kisasa iitwayo GPT, na ramani ya zamani haivuki TB 2. Kwa hiyo diski kubwa mpya isipofunguka kwenye XP usishangae, ipeleke kwenye kompyuta ya kisasa.

Sasa sikiliza. Unapochomeka diski yenye mwandiko ambao Windows haiujui, haisemi "siujui mwandiko huu". Inaleta ujumbe wa Kiingereza unaosema kuwa ni lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumika, kisha inauliza kama unataka kuifomati. Fikiria mtoto wa chekechea ambaye hajafika hata alifu, akaingia darasani akauona ubao umejaa aya alizoandika maalim. Kwake ile ni michoro tu. Akachukua dasta, akauliza: "Ustadh, ubao mchafu, nifute?" Mtoto hana kosa, ameuliza kwa adabu. Kosa litakuwa la atakayemjibu "futa" bila kugeuka kuutazama ubao.

Ujumbe huohuo huja pia kama mwandiko unajulikana lakini faharasa imevurugika. Katika hali zote mbili jibu ni moja: hapana. Funga dirisha, chomoa diski kwa utaratibu, kisha jiulize ilitumika wapi mara ya mwisho. Ilikuwa kwenye Ubuntu? Irudishe kwenye Ubuntu ukopi mafaili. Ilikuwa kwenye Mac ya mtu? Mtafute mwenye Mac.

Kuna hali nyingine inayowasumbua waliohamia Ubuntu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kuzima, Windows nyingi hazizimi kabisa. Hulala na kuhifadhi hali yake ili ziwake haraka kesho. Diski iliyokuwa imechomekwa inaweza kubaki na alama kwamba kazi haijafungwa, na Ubuntu ikiiona alama hiyo hukataa kuandika ndani yake, ikaogopa kuharibu. Dawa ni kurudi kwenye Windows, kuichomoa diski kwa utaratibu, au kuzima huku umeshikilia kitufe cha Shift, hapo huzima kweli.

Kufuli

Windows ina kufuli liitwalo BitLocker, nalo linaweza kufunga hata diski ya nje tangu wakati wa Windows 7. Diski iliyofungwa huonyesha alama ya kufuli na kutaka neno la siri, au ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Mwenye kufunga bila kuandika ufunguo huo mahali amejifungia nje ya nyumba yake, wala hakuna fundi wa mjini wa kumfungulia. Anayekuambia anaweza, mwambie akuonyeshe kwanza kwenye diski yake mwenyewe.

YALIYOTOKEA KASULU

Nilipokuwa Kasulu nilikuta msiba wa pili, na huo ndio ulionifanya niandike somo hili.

Madrasa moja ya huko ilikuwa na kompyuta ya zamani isiyoweza kupokea Windows 11, kwa kuwa mfumo huo unataka kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kijana mmoja aliwawekea Ubuntu, kazi nzuri kabisa, na kompyuta ikapata uhai mpya. Pamoja na hayo aliifomati diski yao ya nje kwa mwandiko wa ext4, baada ya kuyahifadhi mafaili pembeni, kisha akayarudisha ndani. Nayo ilikuwa sawa, ila hakumwambia mtu wala hakubandika karatasi. Kisha akaondoka kwenda masomoni.

Baadaye wakapata kompyuta nyingine yenye Windows 11. Karani akachomeka diski, ujumbe ukaja wa kufomati. Karani hasomi Kiingereza vizuri, na maneno yalionekana kama amri. Akabonyeza ndiyo. Diski ikafunguka, nyeupe, tupu. Alidhani mafaili yako mahali pengine, akaendelea na kazi zake, na siku hiyohiyo akakopi humo video za harusi.

Mwanafunzi mpendwa, fomati ya haraka haifuti mafaili. Inafuta faharasa tu na kuandika mpya. Darsa zote zilikuwa bado zimo ndani, hazina anwani. Kama diski ingechomolewa pale pale, karibu zote zingerudi. Video za harusi ndizo zilizoandikwa juu yake, na kilichoandikwa juu hakirudi. Angalau hakuchagua fomati kamili, ambayo tangu Windows Vista huandika sifuri diski nzima. Hapo tungezungumza habari nyingine.

Yule ustadh alitumia programu ya bure iitwayo PhotoRec. Programu hii haiitazami faharasa, hupita diski nzima kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo wa faili: hivi ndivyo MP3 inavyoanza, hivi ndivyo picha inavyoanza. Kila inachokipata hukihifadhi kwenye diski nyingine, na sharti iwe nyingine, kwani ukihifadhi kwenye ileile unajifutia mwenyewe. Ilichukua usiku mzima na sehemu ya mchana.

Mamia ya mafaili yakarudi, lakini hayana majina. Kila moja limeitwa f na tarakimu nyingi. Darsa ya tawhidi, mazoezi ya qaswida, tangazo la mkutano wa wazazi, yote yanafanana. Tukakaa siku nne, wanafunzi wanne wa huko na mimi, kila mmoja na hedifoni na daftari, tukisikiliza dakika ya kwanza ya kila faili na kuandika ni nini. Mengine tuliyajua kwa mvua juu ya bati, maana kuna darsa moja ambayo kila mtu anakumbuka ilikatizwa na mvua. Moja niliitambua kwa kikohozi cha marehemu maalim wetu kabla hajatamka neno. Alikuwa akifundisha huko kila mwaka kwa wiki mbili. Kwenye nyingine mlikuwa na sauti za watoto wakijibu, na mmoja wa watoto wale sasa ndiye aliyekuwa ameketi kando yangu na hedifoni.

Darsa za maalim zilizokuwa zimerekodiwa pia hapa Kibondo tuliwapa upya kutoka diski yetu. Lakini darsa saba za mirathi alizozifundisha Kasulu peke yake hazikupatikana. Tulipata vipande viwili vya moja, kimoja kinakatika katikati ya mgawo wa mjane. Karani alilia mbele yetu. Sikumlaumu, kwani hakuna aliyemfundisha, na kwenye diski hapakuwa na hata kibandiko.

KABLA YA KUPIGA MFUMO MPYA

Kopi kila kitu mahali pawili, kisha fungua mafaili machache kwenye nakala uhakikishe yanafunguka kweli. Kuona jina la faili si kuliona faili. Andika kwenye karatasi herufi ya diski, mwandiko wake na ukubwa wake, ubandike kibandiko juu ya diski yenyewe. Chomoa diski zote, flashi na kadi. Ndipo uanze, tena uanze siku ambayo umeme umetulia, na kama ni kompyuta ndogo ya mkononi iwe imejaa chaji na imechomekwa. Ukimaliza, washa na kuzima mara mbili kabla ya kuchomeka diski.

Baada ya hapo, ukihisi faharasa imevurugika, andika chkdsk na herufi ya diski, mfano chkdsk M: bila kuongeza kitu. Hivyo itakagua tu bila kubadili. Ukiongeza /f itaanza kurekebisha, na kurekebisha ni kuandika, hivyo usifanye kabla hujayatoa mafaili muhimu. Na kama diski imefunguka lakini badala ya mafolda unaona vijialama vyenye mshale, hiyo si kazi ya mfumo mpya, ni virusi vile vya flashi mnavyovichukua mitaani. Mafaili yamefichwa tu. Safisha kwa programu ya kuua virusi, kisha fungua cmd uandike attrib -h -r -s /s /d M:\*.* ukibadilisha M kwa herufi yako.

Sisi na wenzetu wa Kasulu tumepatana hivi: kila mwisho wa muhula diski ya nakala ya Kibondo inakaa kabatini kwao, na ya kwao inakaa kabatini kwetu. Zote mbili sasa ni NTFS na zina kibandiko. Safari ya kwanza ya kubadilishana imekwisha kufanyika.

ZOEZI

1. Diski inanguruma na taa inawaka, lakini haionekani mahali pa kufungulia mafaili. Utaandika nini baada ya kubonyeza Windows na R, na utatafuta kitu gani kwenye ukurasa utakaofunguka?

2. Mjomba wako amerudi kutoka Muscat na diski aliyokuwa akiitumia kwenye Mac. Kwenye kompyuta ya nyumbani unaletwa ujumbe wa kuifomati. Mweleze, kwa Kiswahili ambacho bibi yako ataelewa, kwa nini asikubali, na afanye nini badala yake.

3. Flashi ya GB 16 ni tupu kabisa, lakini inakataa video moja ya GB 6. Taja mwandiko wa flashi hiyo na sababu.

4. Chukua flashi yako, tafuta herufi yake na mwandiko wake, uandike kwenye kibandiko.

Majibu yaletwe ofisini kabla ya kufunga muhula. Na atakayekuja na flashi yenye virusi aseme kabla ya kuichomeka, si baada.